Mapacha Niliowaona Kutoka Makomeno

Ninyi mnaokuja kukalia kiti changu, jueni kwanza kwamba kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi. Miaka yote nimeuwekea kipande cha boksi chini yake. Msikitoe. Na msiniite Profesa, kama alivyofanya yule mwenzenu aliyekuja wiki iliyopita na daftari jipya na kalamu tatu. Mimi ni Mama Docta Odile, mstaafu, mkaaji wa Makomeno hapa Lubumbashi, na kazi yangu ilikuwa kuangalia matumbo ya watu ambao sikuwahi kukutana nao.

Mmeniomba niwaandikie jinsi ya kusoma ekografi kutoka mbali. Habari za sauti inayoingia tumboni na kurudi ikiwa picha mmeshazisoma shuleni, sizirudii. Mimi nitawaambia yale ambayo shuleni hawayajui, yaani mambo ya jua, kichuguu, bamia na samaki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kule kijijini muuguzi anamlaza mgonjwa, anampaka jeli, anapitisha sonda, kile kichwa cha mashine kinachotelezeshwa juu ya tumbo. Tableti inachukua vipande vifupi vya video. Mtandao ukipenda, vinanifikia nyumbani. Mimi navisoma na kumjibu. Mkono uko kule, jicho liko huku, na katikati pana msitu na barabara ambayo mvua ikinyesha inageuka mto.

Picha hizo zinataka giza. Hospitalini kuna chumba cha giza, lakini sebule yangu ina madirisha matano na mapazia mepesi ya marehemu mama mkwe. Basi nilikuwa najifunika shuka zito la kitanda, mimi na tableti yangu, mchana kutwa, jasho likinitiririka. Siku ya pili tu jirani akaniona dirishani, akadhani najifukiza. Habari zikaenea Makomeno nzima kwamba Mama Docta ana malaria kali. Nilipotoka chini ya shuka jioni nikakuta wamama sita wa kanisani wamekaa kwenye viti vyangu, wananiombea. Walikuwa wameleta supu ya kuku. Ukweli niliwaambia, lakini baada ya kumaliza supu.

Mnaona tabia yangu. Nakiri makosa, ila huwa nachelewa. Shikeni hilo, maana ndilo lililokaribia kumuua mtu.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa mzee mmoja wa Karavia, tukimwita Papa Docta, mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua mkate. Somo lake la kwanza halikuwa na mgonjwa. Aliweka mezani beseni la maji lenye kambale hai, akatugeuza tuangalie skrini tu, kisha akagusisha sonda kwenye maji. Ilibidi tuseme kichwa cha samaki kiko upande gani na mkia uko wapi. Aliyepatia alikula kambale, aliyekosea alimpika. Mimi nilipika kambale wiki tatu mfululizo. Na kila tulipoleta picha ya mgonjwa, kabla hajaitazama, mzee aliuliza swali lile lile: "Ulikuwa unasimama fasi gani?" yaani mahali gani. Niliona ni swali la kizee. Nililiandika kwenye daftari, nikalipigia mstari, nikalisahau.

Sasa nije kwa Héritier. Alikuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha Kafwimbi, jina nililokitungia kijiji hicho ili wenyewe wasije kunitafuta. Kijana mrefu, mchapakazi, mwenye majibu kwa kila shida, na shida yake kubwa ilikuwa mtandao. Kafwimbi nzima haikuwa na mtandao isipokuwa mahali pamoja: juu ya kichuguu. Mnavijua vichuguu vya Katanga, mchwa wetu hawajengi kwa unyonge. Kile kilikuwa kirefu kuliko paa la kanisa. Mwanzoni Héritier alimpima mgonjwa kituoni, kisha akapanda mbio na tableti kutuma video. Akachoka. Siku moja akanipigia simu, akihema.

"Docta, tulipandisha kitanda."

"Mmekipandisha wapi?"

"Kulu ya kichuguu. Banaume munane. Tulichonga na ngazi, tuliweka na paa ya majani. Docta, sasa shiye tuko na hôpital ya étage!"

Tangu siku hiyo wagonjwa wa Kafwimbi walipimwa juu kule, kwenye hospitali yao ya ghorofa, mbele ya macho ya kijiji. Kwa ajili ya heshima, wamama wanne walizunguka kitanda wakishika vitenge, wamempa mgonjwa mgongo. Hawakumwangalia hata kidogo. Walisikiliza tu, na kila walichosikia walikitangaza kwa waliokuwa chini.

Jeli nayo ikaisha, na barabara imefungwa. Héritier akaponda bamia. Msicheke, jaribuni: picha zilikuja safi kuliko za hospitali. Ubaya wa bamia ulikuwa mbuzi, waliopanda zile ngazi kuja kulamba matumbo ya wagonjwa. Ninayo bado video moja ambamo ini la mzee fulani linaonekana vizuri sana, halafu linaruka, halafu giza. Chini yake Héritier aliandika neno moja tu, "Mbuzi."

Basi siku moja wakampandisha Béa. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, miezi minane. Mumewe, Mukendi, mwenye duka la pale, ni mtu wa asili ya Kasai kama mimi. Béa mwenyewe ni wa kijijini hapo, amelelewa na bibi yake, Nkambo Mwape, ambaye mikono yake imezalisha nusu ya Kafwimbi. Nkambo hakuipenda mashine yetu. Alisema tumbo si dirisha.

Siku hiyo mtandao ulilala tangu asubuhi, hata juu ya kichuguu. Video za Béa za asubuhi, na za alasiri alipopimwa tena, zikanifikia zote kwa mkupuo, saa kumi, nami nilikuwa nimealikwa harusini saa kumi na moja. Nikaingia chini ya shuka na gauni langu la harusi. Kwenye video ya kwanza mtoto amelala kwa kukingama, kichwa kushoto. Kwenye ya pili mtoto amelala kwa kukingama, kichwa kulia. Kichwa huku, kichwa kule. Nikaona wawili waliolala mzungu wa nne. Nikaandika kwa herufi kubwa, MAPASA, nikaongeza na pongezi kwa familia, nikaenda harusini nikacheza.

Haraka haraka haina baraka, na harusi ni haraka kama haraka nyingine.

Kwa wasiojua, mapasa ndilo jina letu la mapacha. Na kwetu, kwa Wakasai na kwa wenyeji vilevile, hao si watoto wawili tu, ni wageni wakubwa. Wana majina yao kabla hata hawajatokea, wa kwanza Mbuyi na wa pili Kabanga. Baba anaacha jina lake anaitwa Shambuyi, mama anaitwa Mwambuyi. Wanaimbiwa nyimbo za matusi ambazo siku nyingine zingekupeleka kwa chifu, na ni lazima wacheke. Vitu vyote hutolewa viwili viwili, sawasawa, maana pacha akiona amepunjwa hukasirika na kurudi alikotoka. Zamani sherehe ilingoja wazaliwe. Siku hizi kuna ekografi.

Kesho yake Héritier akanitumia picha za sherehe. Mukendi alikuwa ameshaandika juu ya mlango wa duka, kwa rangi nyekundu, MAISON SHAMBUYI, yaani nyumba ya Shambuyi. Mama yake alikuwa amefika na mabeseni mawili, mikeka miwili, majogoo wawili, na kofia mbili ndogo za sufu, ya njano ya Mbuyi na ya kijani ya Kabanga. Familia ikakaa kikao. Ikaamuliwa Béa asizalie kijijini, apelekwe Lubumbashi na kamyo ya makala, yaani lori la mkaa, inayoondoka Alhamisi, kabla mvua haijafunga njia tena. Hata Nkambo Mwape alikubali.

"Moya, miye nazalisha," alisema. "Lakini babili, apana. Mikono yangu iko mbili tu, na mutoto moya anaomba mikono mbili."

Kwa barua ya hospitali nilitaka picha moja yenye vichwa vyote viwili. Nikamwomba Héritier. Akatafuta Jumatatu. Akatafuta Jumanne.

"Docta, Mbuyi anakuyaka kila mara. Kabanga anajificha."

"Mtafute upande wa kulia."

"Nilitafuta. Tulimwita na jina. Mama ya Mukendi alimwimbia. Iko na haya, huyu mutoto."

Jumatano asubuhi nikakaa chini ya shuka na video zote kumi na moja, nikizitazama polepole, na mara hii sikuwa na harusi. Kabanga sikumwona. Nilichokiona kikanifanya nilitupe shuka sakafuni. Kondo la nyuma lilikuwa limelala chini kabisa, limefunika mlango wote wa uzazi. Lilikuwepo hapo tangu video ya kwanza. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa.

Ninyi mnajua maana yake, lakini niwaandikie hata hivyo. Mtoto wa namna hiyo hana pa kupitia. Uchungu ukianza na mlango ukifunguka, inatangulia damu, na damu hiyo haimngoji mtu atafute kitambaa. Mama anaweza kwisha pale pale. Dawa ni moja, kupasuliwa mapema, hospitalini, na watu walio tayari.

Na hapo ndipo Papa Docta alipofufuka kichwani mwangu na tai yake. Nikapiga simu.

"Héritier, asubuhi unasimamaka fasi gani?"

"Ku mashariki, Docta. Jua inakuwa ku mugongo, kivuli yangu inafunika tableti, naona muzuri."

"Na alasiri?"

"Nahamia ku upande ingine. Jua iko nahama, Docta. Miye nitafanya nini?"

Sonda ina alama, kinundu kidogo upande mmoja, na kinundu kikielekea kulia kwa mgonjwa, kushoto na kulia kwa picha vinasomeka. Héritier alikishika daima chini ya kidole gumba chake, kama nilivyomfundisha mimi. Alipohamia upande wa pili wa kitanda, kinundu kikahama naye, na kichwa kilichokuwa kushoto kikawa kulia. Mtoto alikuwa mmoja. Kabanga alitengenezwa na jua la alasiri na mwanamke mwenye gauni la harusi.

Nilipomweleza Héritier nilimsikia akisogea pembeni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, maana wale wamama wa vitenge wana masikio:

"Docta, tubakie tu na mapasa yetu. Babili banapanda kamyo. Moya hapandi. Nkambo atasema anazalisha yeye."

Alisema kweli. Nikisema ni mmoja, Nkambo atambakiza Béa nyumbani. Nikisema kuna kondo mlangoni, wataniuliza kwa nini waniamini leo wakati jana niliwapa mtoto asiyekuwepo. Uongo ulikuwa umeshapakia kamyo. Nikiri mbele yenu kwamba nilikubali. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, nilikubali.

Halafu Béa akaomba simu. Sikuwahi kusikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtoto wa shule.

"Docta, nilitaka kuuliza tu. Nalala ku kushoto, juu ya kuacha nafasi kwa Kabanga, maana iko na haya. Namwimbia yeye kwanza, kisha Mbuyi. Haitamukasirisha Mbuyi?"

Chai ikanishinda. Nikawaza kesho yake itakavyokuwa. Atazinduka baada ya kupasuliwa, apewe mtoto mmoja. Ataamini wa pili amekufa, au ameibwa, na Mukendi atawashika madaktari mashati kutafuta mtoto wa kofia ya kijani. Na Béa atamlilia maisha yake yote, akijiuliza alimlalia usiku gani. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na safari hii uchi ulikuwa wangu lakini mzazi alikuwa mwingine.

"Béa, mwanangu," nikasema, "nipe Héritier. Héritier, weka simu kwenye megafoni ya kanisa."

Nikasema yote. Kwamba nimekosea mimi, si Héritier wala mashine. Kwamba mtoto ni mmoja. Kwamba kuna hatari, na ni kubwa kuliko mapacha. Sauti yangu ikatoka Makomeno ikatangazwa juu ya kichuguu, na nilipomaliza nilisikia jogoo, na baadaye mtu akicheka kwa woga.

"Docta," akasema Mukendi, "Kabanga iko wapi?"

"Hakuwepo, baba."

"Tulisha kumununulia kofia."

"Najua. Nimeiona. Ni nzuri."

"Jana babili, leo moya. Kesho utasema mu tumbo hamuna muntu, ni bukari tu!"

Kijiji kikamcheka huyo mtoto wa ugali, na kicheko kile kilinichoma. Mama yake Mukendi akapiga kelele kwamba docta wa ku téléphone anameza batoto. Mmoja wa wamama wa vitenge akatangaza kwamba docta amemeza mtoto. Nikapaza sauti kuhusu kondo, kuhusu damu, hakuna aliyenisikiliza. Nilikuwa nawapoteza, na mvua ilikuwa inakuja.

"Héritier! Kuna samaki hapo kijijini?"

"Docta... ni saa ya kula?"

"Kambale. Awe hai. Na beseni la maji."

Kambale alipatikana, alikuwa kwenye ndoo akisubiri karamu ya mapacha. Beseni likaleta ubishi. Wengine walisema la Mbuyi haliguswi, wengine wakasema la Kabanga ndilo lisiguswe, kwa kuwa mwenyewe tayari amekasirika. Chifu akakata shauri: wachukue la Kabanga, maana kwa maneno ya docta mwenyewe hayupo. Wakalipandisha juu ya kichuguu, maji yakimwagika ngazi zote, na mbuzi nyuma.

Nikamwambia Mukendi ashike tableti na aangalie skrini tu. Nikamwambia Nkambo Mwape aangalie samaki, kwa macho yake, asipepese. Héritier akasimama mashariki akagusisha sonda.

"Kichwa iko wapi, baba?" nikauliza.

"Kushoto," akasema Mukendi.

Héritier akazunguka, akasimama magharibi.

"Na sasa?"

"Kulia. Iligeuka."

"Haikugeuka," akasema Nkambo. "Niko naiangalia. Ilikuwa inaniangalia, na sasa iko inaniangalia."

Wakarudia. Wakarudia tena. Chifu akataka kujaribu, kisha mwalimu, kisha mama yake Mukendi, ambaye alimgombeza kambale kwa udanganyifu. Kila mtu akatembea kulizunguka beseni kwa zamu, mimi nikiwa huku nimeshika simu kwa mikono miwili. Mwisho Mukendi akaomba sonda aishike mwenyewe. Akasimama huku, akasimama kule. Nikasikia chuma cha kitanda kikilia alipokaa.

"Samaki ni moya," akasema.

"Ni moya," akasema Nkambo.

Megafoni ikazimwa. Nilidhani simu imekatika, kumbe Nkambo Mwape alikuwa ameichukua na kwenda nayo pembeni. Aliongea taratibu.

"Docta, ile kintu yenye kulala mu mulango. Mama yake Béa alikufa mu mikono yangu, siku Béa alizaliwa. Damu ilitangulia. Sikujua ilitoka wapi. Niko naulizaka tangu siku ile. Ilikuwa ile?"

Watoto wangu, hapo ningeweza kuongopa tena, kwa huruma.

"Sijui, Nkambo. Sikumwona. Inaweza kuwa. Lakini hii ya Béa naiona, nayo ni hiyo."

Nilisikia upepo, na mbuzi. Kisha megafoni ikawaka ghafla mpaka nikaondoa simu sikioni.

"Kamyo haingoje kesho! Iondoke sasa hivi! Hii moya, hata mikono kumi haitoshi!"

Wakaondoka saa ile ile. Béa alikaa mbele na dereva, Héritier akimshikilia kila shimo la barabara, na Nkambo Mwape juu ya magunia ya makala, kwa sababu hakutaka kumpokonya Béa nafasi hata ya kiwiko. Nami nikaandika barua ya hospitali: mtoto mmoja, amekingama, kondo limefunika mlango, asichunguzwe kwa vidole. Nikavaa viatu nikaenda kuwasubiri mlangoni mwa hospitali. Karibu na daraja la Naviundu Héritier alinipigia, sauti imemkauka, akaniambia matone ya damu yameanza. Kuanzia hapo mpaka kamyo ilipoingia langoni nilisali sala zote ninazozijua, na ya chakula pia.

Akashuka msichana mwembamba ambaye nilikuwa nakijua kichwa cha mwanawe kabla ya kuujua uso wake. Nyuma yake akashuka bibi mweusi tii kwa vumbi la makala, macho tu yakionekana, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Ni weye Docta?" akasema. "Nilifikiri uko mukubwa."

Walimpasua mara moja. Alizaliwa mvulana, mzima, mwenye hasira. Béa alipozinduka, pamoja na yote aliyokuwa ameyasikia kichuguuni, aligeuza kichwa upande wa kulia akauliza, "Na wa pili?"

"Ni mmoja, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Akalia kidogo kwa ajili ya Kabanga. Nikalia naye, maana yule nilimzaa mimi. Kisha akanyoosha mikono akaomba apewe aliyekuwepo.

Wakamwita Mbuyi. Mukendi alikataa kufuta maandishi ya duka. Alisema rangi nyekundu haifutiki, na tena kijiji kimeshamzoea Shambuyi. Kabanga hazungumziwi, ila beseni lake linatumika.

Baada ya hapo Héritier alifunga uzi mwekundu kwenye kile kinundu, na kila video yake ikaanza na sauti, "Docta, nasimama ku mashariki," hata alipokuwa anapima goti. Fanyeni hivyo. Na msimtangazie mtu mapacha mpaka muone vichwa viwili kwenye picha moja, na mioyo miwili inapiga kwa wakati mmoja. Mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kabla ya supu. Kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na mimi naongeza kwamba kulinyamazia nako ni kulirudia.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani, sina shuka wala tableti, nikasikia hodi. Alikuwa Béa. Amenenepa, amependeza, na kichwani amebeba beseni. Kando yake amesimama mtoto aliyevaa kofia mbili za sufu zilizombana, ya kijani juu ya ya njano, na jua linawaka.

"Nkambo anakusalimia," akasema Béa, akilishusha beseni kwa uangalifu. "Anakutumia hii. Anasema uhesabu muzuri."

Nikainama. Ndani ya maji kulikuwa na kambale, kichwa chake kushoto. Mmoja. Nikanyanyuka, nikazunguka beseni mpaka upande wa pili, nikainama, nikahesabu tena.